Tunaililia Barafu, Tunawasahau Walio Hai

Tarehe 22 Septemba 2019 watu wapatao 250, wengi wao wakiwa na nguo nyeusi, walipanda mlima Pizol mashariki mwa Uswisi kwenda kuizika barafu. Barafu ile ilikuwa imepimwa kwa zaidi ya karne moja, na sasa ilikuwa imekatika vipande vipande hata wataalamu wakaitoa kwenye orodha ya zile zinazofuatiliwa. Padri akasema maneno ya kuaga, mabaragumu marefu ya Alps yakapigwa. Mwezi mmoja kabla, huko Iceland, Waziri Mkuu alikuwa miongoni mwa waliopanda kwenda kuweka kibao cha ukumbusho mahali ilipokuwa barafu ya Okjökull. Baadaye Umoja wa Mataifa ukautangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kuhifadhi Barafu, na tarehe 21 Machi ikawa siku yake duniani.

Siwalaumu waombolezaji hao. Barafu ya kileleni inaonekana kwa mbali, na picha ya mwaka 1912 ikiwekwa kando ya picha ya leo hata mtoto anaelewa kilichotokea. Lakini swali moja halinitoki: nani aliwahi kuvaa nyeusi kwa ajili ya mmea wa mlimani? Kati ya barafu ya kilele na msitu wa chini kuna ukanda mzima wa viumbe waliofinyangwa na baridi, na ukanda huo unabadilika bila kibao wala baragumu. Naona tumeipima milima kwa kipimo kisichotosha. Barafu tumeifanya habari yenyewe, walio hai tukawafanya mapambo ya habari. Na gharama yake si ya hisia tu, kwa sababu anayeitazama barafu peke yake huishia kulia, wakati ukanda ulio chini yake una kazi nyingi zinazongoja mikono.

Nianze pale miti inapokoma. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Ukipanda vya kutosha, iwe Alps, Himalaya, Andes au Mlima Kenya, utafika mahali msitu unapofupika, ukatawanyika, kisha ukaisha kabisa. Urefu wa mahali hapo hutofautiana sana: karibu na ikweta ni mita 4,000 hivi, na ukielekea ncha ya kaskazini hushuka hadi mita mia chache tu. Joto lake, hata hivyo, halitofautiani sana. Christian Körner wa Chuo Kikuu cha Basel, mtaalamu wa mimea aliyelifuatilia swali hili kwa miongo mingi, alionyesha pamoja na wenzake kwamba miti hukoma pale ambapo wastani wa joto la msimu wa kukua ni kama nyuzi 6, karibu kila mahali duniani.

Sababu yake si ile tunayoidhania. Baridi haiui mti. Miti mingi ya kaskazini hustahimili baridi kali kuliko hiyo mara nyingi. Wala mti haukosi chakula, maana majani yake huendelea kutengeneza sukari hata hewa ikiwa na nyuzi chache juu ya sifuri. Kinachogoma ni ujenzi. Chini ya nyuzi 5 hivi seli hugawanyika polepole mno, basi sukari inakuwapo lakini shina halinenepi. Mti unakuwa kama fundi mwenye tofali na saruji za kutosha lakini mikono imekufa ganzi. Na kwa kuwa ni mrefu, mwili wake wote uko kwenye upepo, hivyo joto lake ni lile lile la hewa.

Mmea mfupi hauishi katika hewa hiyo. Uko mmea uitwao Silene acaulis, unaoota Alps, Skandinavia na milima ya Amerika Kaskazini. Kwa mbali utadhani ni jiwe lililofunikwa na velveti ya kijani: kichuguu kidogo cha mviringo, kigumu ukikigusa, vijani vyake vimebanana hata kidole hakipenyi. Upepo unapita juu na hauna pa kuingilia. Siku yenye jua, ndani ya kichuguu hicho joto linaweza kuizidi hewa ya nje kwa nyuzi 10 na zaidi. Majani yakifa hayadondoki, bali huozea humo humo yakawa udongo, na mizizi midogo ikarudi kuula. Yaani mmea unajilimia shamba ndani ya mwili wake. Wadudu hujisitiri humo, na mbegu za mimea mingine ambazo zingekufa kwenye changarawe tupu huota juu yake kama mtoto mgongoni. Hukua kwa milimita, na kuna iliyokwisha kuvuka miaka 300. Buti moja linaloacha njia ili mwenye nalo apige picha vizuri linaweza kukipasua kichuguu kilichoanza kuota kabla ya treni ya kwanza duniani.

Wenzake wa Andes, wale wanaoitwa yareta, si wa ukoo wake ila wana umbo kama lake, hufika ukubwa wa gari na huishi zaidi ya hapo. Karne iliyopita walikatwa kwa wingi kuwa kuni za migodini, kwa sababu utomvu wao huwaka vizuri. Hakuna aliyehesabu ni karne ngapi zilizoingia katika tanuri moja.

Theluji nayo tunaielewa kinyume. Tunaiona kama adui wa uhai, ilhali kwa wenyeji wa milima ya baridi ni blanketi. Theluji laini yenye kina cha nusu mita imejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Juu yake upepo unaweza kuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri wakati ardhi iliyo chini inabaki karibu na sifuri. Katika nafasi hiyo nyembamba kati ya udongo na theluji panya hupita njia zao wakila mizizi majira yote ya baridi, na machipukizi ya mwaka ujao hungoja bila kuguswa na jalidi.

Sasa fikiria blanketi hilo likivuliwa mapema. Katika milima ya Colorado, kwenye kituo cha utafiti kilichoko Gothic, David Inouye na wenzake wamekuwa wakihesabu maua tangu miaka ya 1970. Waliona kwamba theluji inapoyeyuka mapema, mimea huamka mapema, lakini usiku wa jalidi haujahama tarehe zake kwa kiasi hicho hicho. Chipukizi la ua linatoka nje likiamini msimu umeanza, kisha usiku mmoja wa mwezi Juni unalichoma. Mmea unapoteza maua kwa baridi kwa sababu dunia imepata joto. Ukilielewa jambo hilo moja, hutaridhika tena na habari inayosema tu kwamba barafu imepungua. Joto linapoingia mlimani halifanyi kazi ya kuyeyusha peke yake, huvuruga saa ambayo kila kiumbe cha pale kilijifunza kuisoma.

Milima ya ikweta ina saa yake tofauti, na hapa ndipo mimi hupata shida ya kujizuia, kwa kuwa hakuna mimea ninayoistaajabia kuliko ya huko. Mtaalamu wa Sweden, Olov Hedberg, aliyeizunguka milima ya Afrika Mashariki akiichunguza mimea yake, alisema kule juu ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Mmea wa Alps una miezi ya kulala na miezi ya kuamka. Mmea wa mita 4,200 kwenye Mlima Kenya hauna likizo: saa nane mchana jua la ikweta linauchoma, saa kumi alfajiri ardhi imeganda, na ndivyo ilivyo mwaka mzima.

Senesio wakubwa wamelijibu hilo kwa nguo. Ni jamaa wa alizeti, lakini pale wamekuwa miti yenye urefu wa mita kadhaa, kila tawi likiishia kwenye kichwa cha majani makubwa kama kabichi. Jua likizama, majani hayo hujikunja kuelekea katikati na kulifunika chipukizi. Majani yaliyokufa hayaanguki. Hubaki yamening'inia na kulivika shina koti nene. Koti hilo hulikinga shina lisigande, maana ndani ya shina kuna maji ambayo asubuhi lazima yapande kwenye majani kabla jua halijayakausha. Jani lililokufa, kwa mmea huu, bado liko kazini.

Lobelia keniensis, mmea mwingine wa pale, imechagua njia nyingine. Majani yake yamepangika kama bakuli, na bakuli limejaa maji. Usiku maji ya juu huganda yakawa kigae cha barafu, na kigae hicho huyazuia yale ya chini yasipoteze joto. Chini kabisa, ndani ya maji ambayo hayajaganda, ndipo lilipo chipukizi. Ukifika alfajiri utakuta kifuniko cha barafu chenye unene wa kucha au zaidi, na ukikigonga utasikia maji chini yake. Jamaa yake, Lobelia telekii, inapofika zamu ya kutoa maua husimamisha mkonga wenye manyoya mrefu kuliko kimo cha mtu, na maua yake ya zambarau yakiwa yamefichwa ndani ya manyoya hayo. Chozi wa milimani, ndege wa kijani king'avu mwenye mkia mrefu, hung'ang'ania mkonga huo akila wadudu na kunywa nekta. Mmea huu huishi miaka mingi, huchanua mara moja, kisha hufa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba uvumbuzi huu haukutokea mara moja. Upande wa pili wa Atlantiki, kwenye páramo, yaani nyanda za juu zenye baridi na ukungu, za Venezuela, Kolombia na Ekuado, mimea ya jenasi Espeletia imesimama na koti lile lile la majani yaliyokufa na kichwa kile kile cha majani yenye manyoya. Katikati ya Pasifiki, kwenye mlima Haleakalā wa Hawaii, kuna mmea wa majani ya fedha ambao nao huchanua mara moja na kufa. Wote hao ni wa ukoo mmoja mpana wa alizeti, lakini hawakuigana. Kila mmoja alipanda mlima wake na kukuta tatizo lile lile. Huko Haleakalā mmea huo uliwahi kuokolewa kwa kuwazuia watu wasiung'oe na mbuzi wasiule, ukaongezeka kwa miongo mingi, kisha tangu miaka ya 1990 ukaanza kufa tena kwa ukame. Mkasa wake una pande zote mbili za hoja yangu: yale ambayo ulinzi wa karibu uliweza kuyafanya, na yale ambayo haukuweza.

Wanyama nitawapitia haraka zaidi, si kwa kuwadharau bali kwa sababu wao hawakosi wa kuwasimulia. Chui wa theluji anajulikana kwa kila mpenda wanyama. Bata bukini wa kichwa chenye mistari wamefuatiliwa kwa vifaa wakivuka Himalaya katika urefu wa zaidi ya mita 7,000, damu yao ikiwa hodari wa kudaka oksijeni pale ambapo hewa ni nyepesi kuliko nusu ya ile ya pwani. Mwaka 2020 watafiti walimnasa panya mdogo mwenye masikio makubwa kwenye kilele cha Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, mita 6,739 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hakuna jani hata moja la kijani.

Ila pika lazima nimkalie kidogo. Ni mnyama wa ukoo wa sungura, mviringo kama chungwa kubwa, asiye na mkia wa kuonekana, anayeishi kwenye marundo ya mawe ya milima ya Amerika Kaskazini na Asia. Hasinzii majira ya baridi. Kiangazi chote hukata nyasi na maua, huyabeba mdomoni kama shada, huyaanika na kuyarundika chini ya mawe, ndiyo akiba yake ya miezi minane. Mwili wake una joto la nyuzi 40 hivi na manyoya yake ni mazito, kwa hiyo hana pa kulipunguzia. Katika majaribio ya pika wa Marekani, waliozuiwa kujificha kivulini mwa mawe walikufa ndani ya saa chache kwa joto lililozidi nyuzi 25 kidogo tu. Joto ambalo mtu angeliita zuri, yeye linamuua. Na majira ya baridi theluji ikiwa haba, blanketi lake linakosekana na baridi inamfikia chini ya mawe. Mnyama mmoja anabanwa na joto mchana wa Julai na baridi usiku wa Januari, na vyote viwili vimetoka kwenye badiliko lile lile.

Basi ukanda huu unabadilika vipi? Jibu lililozoeleka ni kwamba viumbe wanapanda juu kufuata baridi, hadi kilele kiwaishie. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilichapisha hesabu za mimea ya vilele 302 vya Ulaya, baadhi zikianzia karne ya 19. Waligundua kuwa idadi ya spishi vileleni imeongezeka, na kwamba kati ya 2007 na 2016 ongezeko lilikuwa mara tano ya lile la 1957 hadi 1966. Mtu akisoma haraka atafurahi: spishi zimeongezeka! Lakini waliopanda wengi wao ni mimea ya chini, mirefu na yenye kukua upesi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Kule kileleni mgeni akifika, mwenyeji anakosa jua. Kwa kuwa mimea ya baridi huishi muda mrefu, haifi siku mgeni anapoingia. Hukaa pale miongo kadhaa, ikihesabiwa kuwa ipo, huku haizai tena. Hesabu inayoonekana nzuri leo inaweza kuwa na deni ndani yake.

Na si kila mahali viumbe vinapanda. Mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote ni Kilimanjaro, mlima uliopigwa picha nyingi za barafu kuliko mwingine wowote barani Afrika. Barafu yake ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1912 na 2011, na dunia nzima imeambiwa. Mwaka 2005 Andreas Hemp, mtaalamu aliyekuwa ameichunguza mimea ya mlima huo kwa miaka mingi, aliandika jambo ambalo lilipaswa kubadili namna tunavyouzungumzia. Alionyesha kwamba mpaka wa juu wa msitu haukuwa ukipanda. Ulikuwa umeshuka kwa mamia ya mita. Hali ya hewa ilipokauka, moto ulizidi na kuwa mkali, ukaila misitu ya erika iliyokuwa juu kabisa, na mahali pake pakabaki vichaka. Kwa maneno yake mwenyewe, madhara ya hilo ni makubwa kuliko ya kupotea kwa kofia ya barafu.

Kwa nini makubwa kuliko? Kwa sababu ya ukungu. Miti ya erika ina majani membamba kama sindano, na matawi yake yamejaa ndevu za likeni na kuvumwani. Ukungu unapopita, kila sindano na kila unywele wa likeni unakamata vitone, vinaungana, vinadondoka, na udongo uliolowa kama sponji unavihifadhi. Mti wa aina hiyo huchuma maji hata siku isiyo na mvua. Ukiungua, ukungu unaendelea kupita kama kawaida, lakini hakuna wa kuukamata. Maji ya Kilimanjaro hutoka kwa sehemu kubwa mno kwenye msitu na mvua na ukungu wake, si kwenye barafu. Tumekuwa tukikodolea macho paa jeupe wakati kisima kinaungua chini yake. Moto wa Oktoba 2020, ulioteketeza makumi ya kilomita za mraba za vichaka vya mlima huo, ulitajwa wiki mbili tatu, kisha habari zikarudi kwenye barafu.

Nina mfano wa pili kwa atakayesema Kilimanjaro ni mlima wa peke yake. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia wenye mamilioni ya watu, hupata takriban asilimia 70 ya maji yake kutoka milima ya Chingaza, na Chingaza haina barafu hata kipande. Ina páramo: Espeletia wenye majani ya manyoya yanayokamata ukungu, kuvumwani, na udongo mweusi unaonyonya maji na kuyaachia polepole. Aprili 2024, mabwawa ya Chingaza yaliposhuka baada ya ukame, jiji lilianza kugawa maji kwa zamu. Pale hapakuwa na barafu ya kulilia. Palikuwa na mimea na udongo.

Najua pingamizi lake, na lina uzito. Katika sehemu kavu za Andes na katika mabonde ya Himalaya na Karakoram, barafu ndiyo inayoupeleka mto maji mwezi ambao mvua imekata. Watu bilioni 1.9 wanaishi wakitegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, maji ya milimani. Barafu yenyewe pia ina wakazi wake. Katika vijito vinavyotoka chini ya barafu za Montana, Marekani, anaishi mdudu mdogo aitwaye Lednia tumana, asiyestahimili maji yenye joto, na mwaka 2019 Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo sisemi barafu haina maana. Nasema hata huyo mdudu hakuna aliyemtaja kwenye mazishi yale.

Tofauti ninayoitilia mkazo ni hii. Hatima ya barafu imo karibu yote katika hewa chafu inayotoka viwandani, kwenye magari na mitambo ya umeme ya nchi nzima nzima, na barafu nyingi ndogo zitapotea hata kama moshi huo ungekoma kesho. Kuupunguza ni lazima, na hakuna linaloweza kuchukua nafasi yake. Ila ukanda wa uhai unakatwa pia na mikono iliyo karibu, na mikono ya karibu inaweza kuzuiwa na watu wa karibu. Moto mwingi wa milimani huanzishwa na binadamu. Njia za wapandaji zinaweza kuwekewa mipaka. Mifugo inaweza kuondolewa kwenye sehemu fulani kwa miaka fulani.

Uchumaji nao una alama yake. Kwenye milima ya Hengduan kusini magharibi mwa China kuna mmea wa dawa, Fritillaria delavayi, ambao tunguu lake limechimbwa kwa vizazi vingi. Watafiti waligundua kwamba pale unapochimbwa sana, majani yake yamegeuka kutoka kijani kuwa rangi ya mawe, kahawia na kijivu, kwa sababu ya kijani yalionekana na kung'olewa kizazi baada ya kizazi. Mmea umejifunza kujificha machoni petu. Jirani yake, ua la theluji la Saussurea laniceps, limekuwa fupi kuliko lilivyokuwa karne moja nyuma, kwa kuwa wachumaji huchukua marefu na kuacha mafupi yatoe mbegu. Hayo hayakuletwa na joto la dunia.

Mbwa mwitu wa Ethiopia naye anatoa ushahidi wa upande wa matumaini. Wamebaki chini ya 500 waliokomaa, wengi wao wakiwa Milima ya Bale, wakiwinda panya-fuko wakubwa kwenye uwanda wa Sanetti ulio juu ya mita 4,000. Magonjwa yanayowamaliza kwa mkupuo ni kichaa cha mbwa na homa nyingine zinazoletwa na mbwa wa kufugwa. Tangu mwaka 2018 wamekuwa wakipewa chanjo iliyofichwa ndani ya chambo cha nyama, kinachotupwa usiku kwenye maeneo ya makundi yao. Kazi hiyo inahitaji farasi, vipande vya nyama na watu wanaojua kila kundi linalala wapi. Baridi ya Bale ikiendelea kupungua, chanjo haitairudisha. Lakini bila chanjo wasingekuwapo wa kuikosa baridi hiyo.

Ningependa kuona kipimo cha afya ya mlima kikianzia hapo: mpaka wa msitu uko mita ngapi mwaka huu, moto umepita mara ngapi, senesio wachanga wangapi wameota kati ya wazee, pika wangapi wanaita kwenye rundo lile lile la mawe. Kazi ya namna hiyo ipo tayari, ingawa haina baragumu. Tangu mwaka 2001 mradi wa GLORIA, unaoratibiwa kutoka Vienna, umekuwa ukipima mimea ya vilele katika mabara kadhaa kwa utaratibu mmoja. Mita 5 chini ya kilele, upande wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, watafiti hutandaza wavu wa miraba yenye ukubwa wa mita 1 kila upande, na kufukia kipimajoto sentimita 10 ndani ya udongo. Kisha hupiga magoti kwenye mawe na kuandika kila spishi iliyomo na sehemu ya mraba inayofunikwa nayo, hata kama ni chipukizi moja la ukubwa wa ukucha. Hupiga picha ya mraba ili atakayefuata aupate pale pale. Wavu unakunjwa, kipimajoto kinaachwa ardhini, na miaka kadhaa baadaye mtu mwingine anapanda na karatasi ile ile, anapiga magoti mahali pale pale, na kulitafuta lile chipukizi.